Kulia kwa Jiwe Jeupe

Mume wangu hajui kutafuta kitu. Mwambie siki iko ndani ya friji, rafu ya pili, nyuma ya chupa ya maziwa ya labani, atasimama pale na mlango wazi mpaka friji lianze kupiga kelele, kisha atasema haipo. Mie ndiye wa kuja, nikanyoosha mkono, nikaitoa, nikamwekea chini ya pua. "Na hii ni nini? Mafuta ya nywele?" Marehemu mama alikuwa akisema mwanamme haoni kitu mpaka kimuume, na mie niliolewa nikiwa nimeshalijua hilo. Kwa hiyo yalipoanza yale mambo mengine, kikombe kuwekwa ukingoni mwa meza kikaanguka, bega kugonga mlango, sikuyatilia maanani. Nilimcheka, na yeye akacheka.

Tunakaa Ibra, Oman. Tulihamia hapa alipostaafu kazi kwenye kiwanda cha gesi kule Sur, watoto wameshaoa na kuolewa, wako Maskati na shughuli zao. Watu wake yeye walitoka bara, upande wa Tabora. Sisi wetu walitoka Unguja. Mpaka leo tukigombana huniambia Kiswahili changu cha kujidai, na mie humwambia chake cha kwenye treni. Tumeishi hivyo, alhamdulillahi, na hakuna aliyehama.

Huko Sur alikuwa na rafiki yake Mmarekani, mtu mpole wa milimani, ambaye miaka yote hakuweza kumaliza kikombe cha kahawa yetu bila ya kukunja uso. Alipostaafu akarudi kwao, na kila mwaka majani yakikauka hutuma picha za kulungu. Si kulungu mdogo wa hadithi za watoto. Ni mnyama mkubwa wa rangi ya vumbi, mwenye masikio marefu kama ya nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, na wao wenyewe humwita kwa jina hilohilo la nyumbu. Dume lina mapembe yanayogawika na kugawika tena. Chini ya picha rafiki yake huandika neno moja tu: njoo. Bunduki anazo, chumba kipo, na yeye mwenyewe atatupeleka.

Lazima niseme kwamba mume wangu ni hodari wa shabaha. Kwenye harusi za Jalan Bani Bu Ali, wanaume wakishindana kupiga alama, amewahi kushinda mbuzi akamrudisha nyumbani kwenye kiti cha nyuma cha gari, na harufu ile hatukuweza kuiondoa mpaka tulipoliuza. Lakini kuwinda hajawahi. Hapa kwetu paa haguswi, serikali imekataza na imefanya vyema, wamebaki wachache. Msasi alikuwa babake, huko bara, na walipohamia huku Oman yeye alikuwa mdogo mno kuchukuliwa porini. Alibaki na hadithi. Basi siku moja, picha imeingia, kaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Bi Mkubwa, kabla sijafa nataka kumwona huyu mnyama amesimama mbele yangu, kwenye uwanda ulio wazi."

Bi Mkubwa ndiye mie. Na mke mdogo hayupo, na hatakuwepo.

"Na nyama itakwenda wapi?" nikamuuliza. Maana kuua mnyama kwa mchezo tu, halafu umwache, hilo mie sikubali, na dini haikubali. Akaulizana na rafiki yake, akarudi na jibu: rafiki yake ana friza kubwa kama jeneza, na italiwa mpaka mfupa. "Basi na mie nakwenda," nikasema. "Hamtamla mnyama wa watu na chumvi peke yake. Nitachukua bizari ya pilau."

Kumbe kuwinda Amerika si kuchukua bunduki ukaenda. Kila jimbo lina sheria zake, na asiyekuwa mtu wa jimbo lile ni mgeni, hata akiwa Mmarekani. Sisi tulikuwa wageni wa wageni. Leseni za madume, kwenye sehemu aliyoichagua rafiki yake, ni chache na wanaozitaka ni wengi, kwa hiyo inapigwa kura. Aliposikia kura, mume wangu akarudi nyuma. "Kamari hiyo." Akaenda mpaka kwa imamu wetu. Imamu akamsikiliza, akamuuliza ukikosa unapotewa na nini. Hakuna, wanakurudishia chako. Na wote mna haki sawa? Sawa. Imamu akasema hiyo si kamari, ni kura, na hata hapa watu wamewahi kupigiana kura nani aanze kunywesha mitende yake. Mume wangu akarudi nyumbani anang'ara.

Kitu kimoja kwenye mpango ule alikipenda kuliko vyote. Ukikosa mwaka huu, wanakuandikia pointi, na mwakani pointi ile inakusogeza mbele. Ukikosa tena, nyingine. "Umeona?" akaniambia. "Kuna nchi ambayo subira inahesabiwa." Alijaza maombi, akakosa, akapata pointi yake ya kwanza, na ungemwona siku ile ungedhani amepewa nishani. Subira yavuta heri, alikuwa akimwambia kila mtu.

Kisha likaja suala la ardhi. Rafiki yake alituma ramani yenye rangi. Nyeupe ni mashamba ya watu, usikanyage. Njano na kijani ni ya umma: ingia utakavyo, tembea, lala, winda ikiwa leseni unayo. Mume wangu akaizungusha ile ramani huku na huku.

"Mwenyewe nani?" akauliza kwenye simu.

"Watu wote," akasema rafiki yake.

"Watu wote si mtu. Nimwombe nani ruhusa?"

Rafiki yake akacheka, lakini mume wangu hakuwa anacheka. Kwetu sisi hata wadi, bonde kavu la mto, isiyokuwa na mwenyewe, ukitaka kutandika mkeka kivulini, unaanza kwa kuisalimia nyumba ya kwanza. Maji ya falaji, mfereji wa kijiji, wanakunywa wote, na bado kuna wakili wa falaji, mwangalizi wake. Basi na ile njano lazima ina wakili wake, akasema, na haiwezekani mtu atoke Ibra akaue mnyama wa watu bila ya kubisha hodi. Nikamwambia, "Bwana wee, umeambiwa ingia, ingia." Hakusikia. Akatafuta, akaipata nambari ya ofisi ya wanyama ya wilaya ile, na jioni moja baada ya Magharibi, kwao ndiyo wanafungua ofisi, akapiga.

Akapokea mwanamke. Sasa, salamu zetu hazikimbilii shida. Mgeni akiingia anaulizwa habari, na jibu la kwanza ni kheri, hakuna habari, hata kama mtu amezika asubuhi ile. Kisha unauliza afya, wazee, watoto, mvua, malisho, na baada ya hapo ndipo mtu anaweza kusema kilichomleta. Mume wangu akayafanya yote hayo kwa Kiingereza. Vipi afya yako? Vipi wazee wako? Mvua imenyesha? Wanyama wamenenepa? Mie nilikuwa nakatakata vitunguu, kisu kikasita mkononi. Nikasema moyoni, atakatiwa simu huyu.

Hakukatiwa. Nikamsikia yule mama anajibu, maana simu ilikuwa kwenye spika: wazee wake wamekufa, theluji mwaka huu haba, wanyama wamekonda. Mume wangu akampa pole ya wazee. Ndipo akaomba ruhusa ya kuingia kwenye ile ardhi ya njano, yeye na mkewe, inshallah, siku leseni itakapopatikana. Halafu yule mama akasema, taratibu, "Ndiyo, bwana. Nakuruhusu." Mume wangu akashusha pumzi. Toka hapo ikawa ada yake kumpigia kila baada ya muda, kuuliza theluji na malisho, na yule mama akawa anamjua kwa sauti. Siku moja aliuliza na yeye: "Na kwenu, mvua imenyesha?" Mume wangu alitamba kwa hilo muda mrefu.

Sasa nirudi kwenye macho.

Tulikuwa tunakwenda Nizwa kabla ya Idi, sokoni, kununua mbuzi. Yeye anaendesha. Baada ya Sinaw, kando ya barabara kulikuwa na ngamia, wazi kabisa, mchana kweupe, anataka kuvuka. Mie nikasubiri apunguze mwendo. Hakupunguza. Nikapiga ukelele, "Bwana, ngamia!" na yeye akauliza, "Yuko wapi?" Akakanyaga breki kwa ajili ya sauti yangu tu. Ngamia akapita mbele yetu, polepole, mkubwa kama nyumba, na mume wangu akamwona alipofika katikati ya kioo. Tukafika Izki, akaingia kwenye kituo cha petroli, akazima gari, akanipa ufunguo. "Chukua wewe. Mie nasinzia."

Toka siku ile mume wangu amekuwa msinziaji wa barabara zote za Oman.

Daktari wa macho pale Nizwa alikuwa msichana mdogo mwenye adabu, alitupa shikamoo ya Kiarabu, yaani alisimama tulipoingia. Akampima, akamwekea mashine, akamwambia aangalie kitaa na abonyeze kila anapokiona kinamulika pembeni. Mie nilikuwa nimekaa nyuma, naviona vile vitaa vinamulika kwenye skrini, na yeye habonyezi. Habonyezi. Habonyezi. Nilitaka kuinuka nimbonyezee. Presha ya macho, akasema daktari, imeshakula pembeni zote mbili. Katikati anaona vizuri, mashallah, anaweza kusoma maandishi madogo kuliko ya kwangu, lakini anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ya matone itazuia kilichobaki, inshallah. "Itazuia mpaka lini?" nikauliza. Akasema inaweza kwenda polepole sana, na inaweza isiende polepole.

Tulipotoka mume wangu akaniambia, "Umesikia? Katikati naona kuliko wewe." Akataka tupite kununua halwa. Tukanunua halwa. Njia nzima ya kurudi alisema juu ya pointi, kwamba mwaka huu atakuwa nayo moja na wengine hawana, na mie naendesha, nafikiria siki kwenye friji. Miaka yote ile nilikuwa namcheka kipofu. Nililia kidogo karibu na Sinaw, na kwa kuwa nilikuwa upande wake wa pembeni, hakuona.

Mie si mwanamke wa kulia mara mbili kwa jambo moja. Asubuhi nikamwambia, "Sikiliza. Bunduki unaijua. Ukishawekewa mnyama katikati ya bomba lako, hakuna wa kukushinda. Shida yako ni kumpata. Basi mimi nitatafuta, wewe utapiga." Akanitazama. "Wewe? Wewe huwezi kumtazama kuku akichinjwa." Nikamwambia kumtazama akichinjwa siwezi, kumtafuta naweza, kazi hiyo nimeifanya kwenye friji lako tangu nimeolewa.

Tukanunua darubini mbili. Kila alasiri, jua likipoa, tunakwenda wadini, nje kidogo ya mji, ambako mlima umeshuka mpaka kwenye changarawe, na mlimani kuna mbuzi wa watu. Wale mbuzi ndio kulungu wetu. Katikati ya mteremko kuna jiwe kubwa jeupe, ndilo tulilolifanya alama, kwa sababu hilo peke yake aliweza kulipata mwenyewe. Mie nasema: "Anzia jiwe jeupe. Njoo kulia. Kulia zaidi. Mti wa msamuri umeuona? Panda juu, pale kivuli kinapokatika. Mbuzi mwekundu, kichwa kimeelekea kwako." Na yeye: "Sina. Sina. Sina. Ninaye." Mwanzo tuligombana ugomvi usio na kifani. Mie nasema juu kidogo, yeye anakwenda mbinguni. "Kidogo, nimesema, unatafuta malaika?" "Kidogo yako ni kiasi gani, mwanamke?" Lakini tukajifunza. Yeye akajifunza kidogo yangu, na mie nikajifunza kunyamaza anaposogea, jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko hajj.

Kijiji cha jirani kikatuona. Wazee wawili, kila siku, darubini machoni, wanawatazama mbuzi wa watu na kunong'ona: we ungefikiri nini? Siku moja akashuka mwenye mbuzi, mama wa makamo, barakoa usoni, bakora mkononi, akasimama mbele yetu. Hakusalimia, na huku kwetu asiyesalimia amekuja kwa vita.

"Mnawatakia nini mbuzi wangu?"

Mume wangu akamwambia ukweli, masikini, kwa Kiarabu chake cha adabu: kwamba tunajifunza kuwinda, lakini si hapa, ni Amerika, na si mbuzi, ni mnyama mwingine mwenye masikio. Yule mama akatutazama mmoja mmoja. Akaniuliza mie, kana kwamba keshakata tamaa na mume wangu, "Ana homa?" Nikacheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamweleza habari ya macho. Akaweka bakora chini. Akasema kama ni hivyo, basi tumtafutie mbuzi wake mweusi, haonekani toka jana. Nikamtafuta, nikamwona juu kabisa amelala chini ya jabali, nikamwelekeza mume wangu, naye akampata. "Yule pale!" akapiga kelele. Tangu hapo tukawa na kazi. Kila tukifika yule mama anatwambia nani hajarudi, na chai yake ya tangawizi tunaijua kuliko ya nyumbani.

Kura ya pili ikapigwa. Tukakosa.

"Pointi mbili!" akasema mume wangu. Rafiki yake kwenye simu hakufurahi. Akasema waombaji wameongezeka, na kwa sehemu ile pengine itataka miaka kadhaa bado. Lakini, akasema, kuna leseni nyingine, za majike, hazipigiwi kura, zinabaki kila mwaka, mtu anaweza kupata na kuja msimu huu huu, mwezi wa kumi. Sehemu ile ile, ardhi ile ile ya njano. Pembe tu ndiyo hakuna.

Mume wangu akakataa. "Nizunguke nusu ya dunia nikapige jike? Watu wakiniuliza niwaambie nini?"

"Waambie umekula."

"Mstahamilivu hula mbivu."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamwambia.

Akasema atangoja. Alisema anazo pointi mbili, hawezi kuzitupa, na wenye haraka ni vijana. Alisema dume alilolitaka lazima liko hai mahali fulani, linakua, linaongeza pembe, na kila mwaka anaongojea na lenyewe linaongezeka. Aliyasema yote hayo amesimama ukumbini, na wakati akisema alirudi nyuma hatua moja akagonga meza ya kahawa, na vikombe vikalia. Sote wawili tukajifanya hatukusikia.

Neno nilikuwa nalo. Kwamba pembe za lile dume zinaongezeka na macho ya mume wangu yanapungua, na siku hivyo viwili vitakapokutana, nitakuwa nimemchukua mpaka Amerika kumwelekeza kwenye kitu asichoweza kukiona. Mie ambaye mama mkwe wangu aliniita mdomo wa bunduki, mie ambaye sijawahi kummezea mtu neno, hilo nililimeza. Kwa sababu nilielewa. Kuchukua leseni ya jike ni kukiri kwamba hakuna mwakani. Mtu hawezi kukirishwa hilo na mkewe, jikoni, kwa sababu ya vikombe. Nikaokota sinia, nikaenda kusafisha mchele uliokuwa safi.

Wiki ile hatukwenda wadini. Alisema magoti yanamuuma.

Kisha jioni moja, Magharibi imeshasaliwa, nikamsikia sebuleni anapiga simu. Spika imewashwa kama kawaida, kwa sababu hapendi kutafuta kidude cha kuizima. Yule mama wa ofisi ya wanyama akapokea, akamjua, akafurahi. Mume wangu akaanza: vipi afya, vipi nyumbani, vipi theluji. Theluji mwaka huu nzuri. Wanyama? Wamenenepa. Kheri, alhamdulillahi. Halafu yule mama, ambaye sisi tumemfundisha, akauliza kwa zamu yake: "Na wewe, bwana? Habari zako?"

Mie nilikuwa mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Nikangoja aseme kheri. Hilo ndilo jibu, hakuna jingine. Nimemsikia akilisema siku aliyomzika babake.

Akaishika simu kwa mikono miwili. Kisha akasema, kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa naijua, "Macho yangu yanakufa."

Yule mama akasema, "Pole sana." Akauliza yanakufa kwa namna gani, na mume wangu akamweleza, yote, bomba, vitaa ambavyo hakuviona, hata ngamia. Alimwambia mtu asiyemjua uso, upande wa pili wa dunia, yale ambayo hakuniambia mie kitandani. Ungedhani nitaona wivu. Wallahi sikuona. Nilishika kizingiti cha mlango na nilikuwa namshukuru yule mwanamke kwa moyo wangu wote.

"Sasa nani atakuonyesha mnyama?" akauliza yule mama.

"Mke wangu," akasema mume wangu. "Anaona kila kitu. Hata usichotaka akione."

Yule mama akacheka. Kisha akamwambia kwamba leseni za majike bado zipo, lakini zinakwisha, na kama ni yeye asingengoja mwaka mwingine. Alisema jike nalo lina masikio yale yale. Mume wangu akasema ahsante, akawasalimia wote anaowajua na asiowajua, akafunga simu. Akakaa. Kisha akaita, bila ya kugeuka, "Unatoka huko au utasimama na huo mwiko mpaka asubuhi?"

Nikatoka. Akasema, "Jike. Mwezi wa kumi."

"Na pembe?"

"Umeota mapembe wewe, yananitosha."

Nikamwambia basi nitamchukulia yule mama halwa, bakuli kubwa, na akiikunjia uso kama yule Mmarekani wa Sur alivyoikunjia kahawa, shauri yake. Nikarudi jikoni haraka, wali ulikuwa umeshika chini.

Siku ya pili alasiri akatangulia yeye kwenye gari, darubini shingoni. Tukafika wadini. Mbuzi walikuwa wametapakaa mlima mzima na mwenyewe hakuwepo. Nikainua darubini yangu, nikaanza, "Haya, jiwe jeupe. Kulia, kuna mmoja..."

"Leo sitaki mbuzi," akasema. "Nenda wewe kasimame huko."

"Wapi?"

"Huko juu. Popote. Nisiambiwe."

Nikamwambia ana wazimu. Mteremko ule wote mawe, ndara zangu za nyumbani, na magoti si yeye peke yake anayo. Akasema, "Nenda, Bi Mkubwa." Akaweka darubini chini, akafumba macho kama mtoto anayehesabu kwenye kibe, mchezo wa kujificha. Nikaenda. Nilipanda nikilalamika: mawe haya nani kayamwaga hapa, mwanamme mzima na michezo ya kitoto, nyumbani nimeacha nyama kwenye siki, nikivunjika mguu huyo kulungu utajionyesha mwenyewe, na huu nao ni mwiba. Sikwenda kwenye jiwe jeupe. Nilikwenda kulia kwake, mbali kulia, nikapita ule msamuri, nikasimama pale kivuli kinapokatika. Nikapata pumzi, nikageuka.

Alikuwa ameshanipata. Darubini imetulia usoni, imenielekea sawasawa. Nikasogea kushoto hatua mbili, ikasogea. Nikarudi, ikarudi. Aliniangalia hivyo muda mrefu, mwanamke mtu mzima, ushungi umepotoka, jasho linamtoka, na mie sikujua niiweke wapi mikono.

"Nani kakuonyesha?" nikampigia kelele.

"Hakuna," akajibu, na sauti yake ikanifikia wazi, maana wadi ilikuwa kimya. "Ulikuwa unalalamika njia nzima. Nimefuata sauti."

Nilisimama pale nikampenda mpaka nikaumwa. Jua lilikuwa linateremka na tulitakiwa turudi kabla ya adhana. Nikaanza kushuka, jiwe kwa jiwe, nikilalamika kwa sauti ya juu zaidi kuliko nilivyopanda, mpaka nilipomfikia.